Weusi wa Kona Yenye Mwanga

Haya sikuyaona kwa macho yangu, na sitajifanya niliyaona. Nimeyapata kwa mpwa wa mtu aliyeyaona, mwanamke mmoja tuliyekaa naye ofisi moja, dawati kwa dawati, miaka sita. Ni mtu asiyejua kutia chumvi hata anaposimulia foleni ya benki. Alinisimulia mara moja tu. Nilipomwomba arudie, alichukua mkoba wake akaenda kusimama nje.

Mjomba wake alikuwa fundi saa. Mtaani waliishia kumwita Fundi tu, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kazi ile, hakuna aliyechanganyikiwa. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, hajaoa, mwembamba, mwenye vidole virefu na tabia ya kuongea polepole kana kwamba kila neno lina skrubu ya kukazwa kwanza. Kibanda chake kilibanana ubavuni mwa duka la viatu. Ndani kulikuwa na meza moja, taa moja, vikoleo vya kushikia vitu vidogo kama punje ya sukari, na ile lenzi nyeusi ambayo mafundi wa saa huibana kwenye jicho moja huku jingine wamelifumba. Tangu simu zianze kuonyesha saa, kazi ilikuwa imepungua mno. Siku nyingine alifungua saa ile ile moja na kuifunga tena, ili mikono isisahau.

Aliishi na dada yake, aliyempita miaka kumi na tatu. Huyo ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mkali, mwenye mwandiko ulionyooka kama reli, na hata nyumbani aliitwa Mwalimu. Utotoni Fundi alikuwa na ugonjwa wa kuchorachora. Kuku, magari, nyuso za watu, vyote vilijaa pembezoni mwa daftari lake la hesabu. Kila mara Mwalimu alipokuta mchoro, aliandika juu yake neno moja kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa: ACHA. Basi mdogo wake akaacha. Akaacha kwa miaka arobaini.

Kisha Mwalimu akaangukia bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa ganzi, ulimi ukafungwa, na ukope wa jicho la kulia ukateremka hadi katikati ukabaki hapo hapo, kama pazia lililokwama. Akili ilikuwa nzima. Ukimwambia jambo la kuchekesha alicheka, ila kwa nusu ya mdomo. Mkono wa kushoto ulifanya kazi. Kusema ndiko kulikoondoka.

Fundi hakufikiri mara mbili. Alifunga kibanda, akabeba meza na lenzi yake, akavihamishia chumbani kwa dada yake, miguuni pa kitanda. Kilikuwa chumba cha kawaida kabisa: dirisha moja upande wa kushoto wa kitanda, kabati la nguo upande wa kulia, na baina ya kabati na ukuta wa mbele kona tupu, pana kiasi cha kuegemeza ubao wa kupigia pasi. Alasiri jua liliingia dirishani, likavuka kitanda, likaipiga kona ile mpaka rangi ya ukuta ikawa inaumiza macho.

Mtaalamu wa mazoezi aliyekuja kila Jumanne alikuwa na lalamiko moja. "Mgonjwa wenu anaukimbia upande wake wa kulia," alisema. "Hataki kabisa kuutazama. Ni kawaida kwa ugonjwa huu, lakini msimwachie. Mgeuzeni. Akirudi, mgeuzeni tena."

Wakamgeuza. Fundi alimgeuza kichwa kulia kila asubuhi na kila alasiri, na kila mara Mwalimu alijivuta, akahema, akarudi kutazama dirishani. Mwishowe wakamwekea mto mgumu shavuni ili asiweze kurudi. Siku za mwanzo alilia. Machozi yalitoka jicho moja. Fundi alimfuta, akambembeleza, akamwambia ni kwa faida yake.

Miezi mingi ikapita hivyo. Sasa, mtu hawezi kukaa chumbani na mgonjwa mchana kutwa bila la kufanya. Siku moja, akitafuta kwenye simu namna ya kung'arisha vioo vya saa, Fundi alikutana na jamaa anayefundisha kuchora. Uso wake hauonekani, ni mikono tu, penseli na sauti ya taratibu. Alimtazama kwa saa mbili. Kesho yake alirudi na daftari kubwa lisilo na mistari, penseli tatu, moja ngumu, moja ya wastani, moja laini na nyeusi kama makaa, na kifutio cheupe.

"Usinichape," alimwambia dada yake akimwonyesha. Mwalimu alicheka nusu yake.

Alianza kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kurasa nne za mistari iliyonyooka. Kurasa sita za duara, mpaka kiwiko kikaacha kutetemeka. Kisha maboksi, kisha kikombe, ambacho mdomo wake ulimtesa wiki nzima kwa sababu alijua ni duara lakini kila akiutazama kwa pembeni ulikuwa umebonyea. Yule jamaa wa kwenye simu alikuwa na neno lake alilolirudia kila somo: chora unachokiona, usichore unachokijua. Fundi alilipenda neno hilo. Ni neno la fundi.

Yai lilikuwa balaa. Mpwa wake, mtoto wa dada yao mwingine, alipokuja Jumamosi, kama alivyofanya kila wiki, alilishika daftari mbali na uso.

"Mjomba, hiki kiazi kimechipua."

"Ni yai hilo."

"La nani?"

Mwalimu alicheka mpaka wakamwinua asipaliwe. Ilikuwa alasiri nzuri, mpwa aliniambia. Alisema kama angejua angekaa zaidi.

Yai liligeuka kuwa yai Fundi alipojifunza kutia kivuli. Kwanza ujue mwanga unatoka wapi. Upande unaoupokea unauacha mweupe, upande wa pili unauweka giza kidogo kidogo, mstari juu ya mstari, hadi kitu kinaacha kuwa bapa na kuanza kujaa, kana kwamba unaweza kukitia mkononi. Alishangaa kama mtoto. Akachora yai, akachora sanduku la dawa, akachora glasi. Kisha akaanza kuchora chumba kizima, pamoja na dada yake kitandani.

Ni mchoro wa tatu wa chumba uliomfanya akune kichwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwanga kutoka dirishani, vivuli kwenda upande wa kabati, hata makunjo ya shuka yalieleweka. Lakini ile kona kando ya kabati, pale jua linapopiga kuliko kote, alikuwa ameikoleza nyeusi. Nyeusi kuliko kabati. Nyeusi kuliko chini ya kitanda.

Alitazama kona. Nyeupe pe!

"Nimesinzia," akasema kwa sauti. Akachukua kifutio.

Alasiri iliyofuata akachora tena, kwa uangalifu. Alipomaliza akainua daftari. Weusi ulikuwa pale pale. Mkono wake uliuweka wakati macho yake yanahama baina ya kona na karatasi, naye hakukumbuka kuubonyeza hivyo. Akamwonyesha dada yake, kwa kumtania. "Ona, Mwalimu. Mwanafunzi wako anatia giza palipo na jua."

Mwalimu alitazama mchoro kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaomba penseli kwa vidole. Aliandika polepole sana, mwandiko umepinda, herufi zimetawanyika ukurasa mzima.

ACHA.

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka arobaini, na bado! Alipiga picha ule ukurasa akamtumia mpwa wake, naye akacheka huko ofisini kwetu, akanionyesha na mimi. Nakiri nilicheka. Hakuna aliyemtazama Mwalimu usoni wakati ule.

Somo lililofuata kwenye simu lilikuwa fupi. Ukitaka kujua palipo giza na palipo na nuru, yule jamaa alisema, usikodoe. Fumba macho nusu. Mambo madogo madogo yatapotea, yabaki maumbo tu, meusi kwa meupe. Wachoraji wote hufanya hivyo.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakipiga kelele. Fundi aliketi kwenye kiti chake, penseli mkononi, akateremsha kope hadi katikati.

Kabati likawa bonge la kijivu. Kitanda kikawa utepe mweupe.

Konani palikuwa na kitu.

Akafumbua macho. Ukuta mtupu, jua tele. Akayateremsha tena. Kipo. Kirefu, kimesimama, kinakaribia kugusa dari, bapa kama nguo iliyotundikwa. Hakikuwa na uso. Hakikuwa na upande wa kuitwa mbele. Kilikuwa giza tu lililosimama juani na jua haliliondoi.

 Alitazama vidole vyake, akatazama dirisha, akatafuta ni nini kinachoweza kuzuia nuru. Hakuna. Akainuka, akaenda hadi konani, akapitisha mkono. Ukuta ulikuwa wa moto kwa jua.

Basi akafanya ambalo mtu wa kazi yake angefanya. Saa ikikushinda, unaikagua. Alijiambia ni macho, ni uchovu, ni uzee, na njia ya kulijua jambo ni kulichora hadi lieleweke. Kila alasiri aliketi, akafumba nusu, akachora alichokiona. Hakumwambia mtu. Mto mgumu ulikuwa shavuni mwa Mwalimu, umemkazia uso kulia.

Siku ya tano alianza kuona kwamba kile kitu si bapa tena. Kulikuwa na kingo laini mahali giza lilipofifia kidogo, kama upande wa yai. Siku ya nane kulikuwa na bega. Siku ya kumi alitumia ile mbinu ya kupima aliyofundishwa: unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unapima urefu wa kitu kwa penseli ukiulinganisha na kitu kingine. Kitu kilikuwa sawa na kabati. Siku ya kumi na mbili kililipita kabati kwa upana wa kidole. Fundi alijua maana yake. Alikuwa ameshajifunza hilo pia.

Hakikuwa kimekua. Kilikuwa kimesogea.

Siku hiyo ndipo alipogeuka akamtazama dada yake. Namna hasa ya kutazama, kama anavyotazama mtu anayechora. Akaona mto. Akaona uso uliokazwa kuelekea kabatini. Akaona jicho la kulia na ukope wake, umeteremka katikati, haupandi, haushuki. Jicho lililofumbwa nusu. Miaka miwili, mchana na usiku.

Penseli ilimdondoka.

Aliutoa mto. Akapiga magoti kando ya kitanda, akashika mkono wa kushoto. Walikuwa na lugha yao: kubana mara moja ndiyo, mara mbili siyo.

"Dada," alinong'ona. "Kuna kitu pale?"

Mara moja.

"Unakiona tangu ulipougua?"

Mara moja.

 "Ulipoandika acha. Ulikuwa unanikataza kuchora?"

Mara mbili.

"Ulikuwa unanikataza kukitazama?"

Mara moja. Kwa nguvu.

 "Kilikuwa hivi tangu mwanzo? Na mabega?"

Mara mbili.

"Kimeanza kuwa hivi nilipoanza kukitazama mimi."

Mara moja.

Hapo alitaka kunyamaza. Mpwa wake aliniambia kwamba Fundi alijuta sana kutonyamaza. Lakini swali lilimtoka lenyewe. "Kinakutaka wewe?"

 Mkono ukabana mara mbili.

"Kinamtaka nani, Dada?"

Mwalimu aliushika mkono wake, akaukaza, akaukaza, hadi kucha zikaingia kwenye ngozi. Hakuuachia.

Jumamosi mpwa alipofika alimkuta mjomba wake hajanyoa, chumba kimefungwa, na Mwalimu kalazwa sebuleni kwenye godoro. Fundi alimweleza yote pale mlangoni, kwa sauti ya chini, bila kupepesa macho. Kwa kweli hakuwa anapepesa. Yalikuwa mekundu.

"Mjomba, umechoka," alisema mpwa. "Miaka miwili hujalala vizuri. Mtu yeyote angeona vitu."

"Nenda kaangalie. Fumba nusu."

Alienda. Alifumba. Aliniapia kwamba hakuona kitu, aliona kabati limekuwa na ukungu basi. Alirudi na kulifungua lile daftari ili ampoze, amwambie ni mistari tu. Michoro yenye kile kitu ilikuwa kumi na nne. Ya kwanza ilikuwa na doa. Akafunua. Akafunua tena. Kadiri alivyofunua, kitanda kilikuwa cha mwanafunzi, kabati la mwanafunzi, mkono wa Mwalimu kama glovu iliyojaa maji. Kile kitu peke yake kilikuwa kimechorwa na mtu aliyebobea. Kilikuwa na uzito. Kwenye mchoro wa mwisho kilikuwa kimegeuka robo, kama mtu anayesikia ameitwa kwa nyuma.

"Umejifunza wapi kuchora hivi?"

"Sikujifunza. Nilichora nilichokiona."

Walilichoma daftari uani, mchana kweupe. Liliungua kama karatasi yoyote.

Siku mbili zilipita salama. Siku ya tatu, mteja wa zamani alileta saa ya ukutani. Fundi aliketi nayo sebuleni, akabana lenzi kwenye jicho la kulia, na lile la kushoto, kwa mazoea ya miaka thelathini, likajifumba. Halikujifumba lote.

Kilikuwa baina ya kochi na mlango. Pale palipokuwa na jua.

Tangu hapo alijaribu kila kitu. Alifunga mapazia, akakaa gizani na dada yake, lakini gizani hakujua kipo wapi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akayafungua. Alikaa macho wazi hadi yakachuruzika. Lakini hakuna binadamu asiyepepesa. Jaribu. Kila ukipepesa, kope hupita katikati zikishuka, na hupita katikati zikipanda. Kitambo kidogo mno, mtu hakihesabu. Yeye alikihesabu. Kila kupepesa kulimwonyesha kile kitu mara mbili.

Alipoishiwa na hila za kujiokoa, alifikiria walau kumwokoa dada yake. Alichukua bandeji safi, akalifunika lile jicho la kulia, akaifunga kisogoni kwa upole. "Pumzika sasa," alimwambia. "Samahani, Dada. Nisamehe kwa ule mto."

Mwalimu aliupandisha mkono wa kushoto akaing'oa.

Akamfunga tena. Akaing'oa. Mara ya tatu akaitupa mbali kabisa, na akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu augue. Aligeuza kichwa mwenyewe. Kulia. Bila mto, bila mkono wa mtu, misuli ya shingo imemtoka, aligeuka akalielekeza lile jicho bovu palipokuwa na kile kitu, akalikaza hapo.

Fundi alipepesa. Kilikuwa kimesimama. Hakikuwa kimesogea.

Alikaa akimtazama dada yake, na ikamjia taratibu, kama maji yanavyopanda. Mwalimu alikuwa anakishikilia. Kama alivyowashikilia wanafunzi sitini kwa jicho tu, darasa zima likatulia. Maadamu yeye anakitazama, kinabaki naye.

"Usifanye hivyo," alisema. "Dada, tafadhali. Geukia dirishani."

Mkono ukabana mara mbili.

Mtaalamu wa mazoezi alikuja Jumanne, akafurahi mno. "Mnaona?" alisema, akimpigapiga Mwalimu begani. "Anautazama upande wake wa kulia mwenyewe! Haya ndiyo maendeleo. Endeleeni hivi hivi." Aliandika kwenye karatasi yake, akaaga. Fundi alimsindikiza hadi mlangoni. Ungemwambia nini?

Siku tisa Mwalimu hakugeuka. Hakulala ipasavyo. Chakula kilimshinda. Ngozi ya uso ilimwingia mifupani, na Fundi aliyejua sasa kusoma nuru na giza aliona kila siku mashimo mapya mashavuni mwake. Daktari alikuja, akapima, akasema moyo umechoka. Fundi alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta, akamshika mkono. Hakukuwa na kingine cha kufanya. Mtu mzima, mwenye mikono inayoweza kurudisha uhai kwenye saa iliyokufa miaka ishirini, alikaa kwenye kigoda kama mtoto aliyeambiwa akae.

Siku ya kumi, alasiri, jua lilikuwa kali. Majirani walikuwa wanapiga soga barazani. Fundi alikuwa ameushika mkono.

Alipepesa.

Kilikuwa juu ya godoro. Kimeinama. Kilikuwa baina yake na dada yake, karibu mno asione kingo zake.

"Dada."

Mkono ukabana mara moja. Yupo.

"Basi. Inatosha. Fumba macho upumzike. Niachie mimi."

Mara mbili.

"Dada, nakuomba."

Mara mbili. Dhaifu.

"Mwalimu."

Mkono haukubana tena.

Alikaza macho, hakupepesa. Alihesabu hadi machozi yakamfika kidevuni. Nje mtu alicheka. Uso wa Mwalimu ulikuwa umelegea, na ule ukope wa kulia, uliokwama miaka miwili, ulikuwa umepanda. Macho yote mawili yalikuwa wazi, sawasawa. Hayakutazama mlangoni wala kochini. Yalimtazama yeye, juu kidogo ya bega lake la kushoto.

Ndipo kope zikamshinda. Akapepesa.

Sebule ilikuwa nyeupe. Hapakuwa na kitu.

Walimzika kesho yake. Watu walikuwa wengi, wanafunzi wake wa zamani, wengine na mvi zao. Mpwa alikuwa anamchunga mjomba wake muda wote, akiogopa ataanguka au ataanza kusema mambo mbele za watu. Hakusema. Alisimama wima, akashukuru waliokuja, akarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu alifungua kibanda. Mpwa alifurahi. Akasema moyoni mwake, yameisha.

Alienda kumtembelea mwezi wa pili baada ya mazishi, mchana, wakati wa mapumziko ya kazi. Alimkuta mezani, ubavu wake umeelekea kioo cha mbele, mwanga wa barabarani unampiga upande wa kulia wa uso. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliagiza soda mbili. Walizungumza juu ya nguo za Mwalimu, nani apewe nini.

"Na kile kitu?" mpwa aliuliza mwishowe.

"Sijakiona tena. Hata nikifumba kwa makusudi." Alitabasamu. "Sijui kilikwenda wapi."

Mpwa alisema alishusha pumzi. Alimtazama mjomba wake vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa mapenzi, na akaona kwamba upande wa kushoto wa uso wake uko gizani. Ilikuwa sawa. Mwanga ulitoka kulia. Giza lilianzia kwenye paji, likazunguka mfupa wa shavu kwa ulaini, likakolea chini ya taya, kama inavyotakiwa.

"Geuka kidogo, Mjomba," alisema. "Nikuone vizuri."

Fundi aliweka soda chini, akageuka akakielekea kioo. Nuru ya mchana ikampiga usoni, kote, paji na pua na mashavu yote mawili.

Kivuli cha upande wa kushoto hakikuhama.

"Vipi?" aliuliza. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Hamna kitu, Mjomba," alijibu mpwa wake, na akainuka kuaga.